Paa la Kupigwa Picha

Nyinyi vijana mtakaoyasoma haya, najua mtayasomea kwenye simu, na kidole kiko tayari kusukuma mbele. Kizuieni kidogo. Mmezoea kuambiwa kwamba korona ilikuja ikaua utalii wa Mombasa, na sisi wa ng'ambo hii ya Likoni tukakaa tukalia. Kulia tulilia, sikatai. Lakini nyumbani kwangu, huku Bofu, korona ilipokuja ndipo nilipokaa juu ya kochi langu mwenyewe mchana mweupe, nikaangalia televisheni yangu mwenyewe. Mtaona kwa nini.

Mwanangu wa kwanza, mwenye wadogo zake wawili ninaokaa nao hapa hapa, ni kiongozi wa watalii. Kazi yake ilikuwa kuwapokea wazungu wakishuka melini au wakitoka kwenye mahoteli ya kusini, awazungushe Mji wa Kale, kisha awavushe feri waje kuona, kama alivyokuwa akiwaambia kwa Kiingereza chake na Kijerumani chake, maisha halisi ya Waswahili. Maisha halisi yalikuwa mimi.

Siku ya wageni nyumba ilikuwa inahama tangu alfajiri. Televisheni ilipelekwa chumbani kwa mwanangu ikafunikwa leso. Mtungi wa gesi na jiko lake vikafuata. Viti vya plastiki vilipitishwa ukutani kwa jirani. Makochi hayakuwa yakipita mlango wa chumba, basi sebule nzima ilitiwa ufunguo, na wageni wakaingizwa kwa ubavuni moja kwa moja hadi uani, kama watu waliokuja kusoma mita ya maji. Wajukuu wangu, ambao mwaka mzima nawapigia kelele wavae viatu wasichomwe na misumari, siku hiyo waliamriwa na baba yao wavue. Wazungu wakiona watoto wako miguu mitupu walisikitika sana, na wakifika kwao walituma viatu. Tuliviweka chumbani pamoja na vile vingine.

Mimi nilijifunga leso zangu zilizopauka, nikaketi juu ya mbuzi, nikakuna nazi mbele ya mafiga matatu yanayofuka moshi. Nazi yenyewe siku hizi sokoni unakuniwa kwa mashine, wewe umesimama unauliza hali za nyumbani, ukimaliza salamu na nazi imekwisha. Lakini mzungu hakupanda ndege kuja kuona mashine. Nimekuna nazi mbele ya watu wa nchi nisizoweza kuzitaja, na wote walinyamaza kama wako kanisani. Wengine walitaka kujaribu. Mama mmoja, mtu mzima kama mimi, alikuna nazi pamoja na kidole chake, akafungwa kitambaa, na furaha aliyokuwa nayo ungedhani amevishwa pete. Akaomba apigwe picha na kidole.

Sharti langu lilikuwa moja tu. Nikisimama kusali, simu zote chini. Hilo mwanangu alilishika, kwa sababu alijua nisingemwambia mara mbili.

Na juu ya yote hayo lilikuwa paa. Majirani zangu wote wameezeka mabati. Mwenye kuezeka makuti Likoni siku hizi ni mwenye hoteli, au asiye na njia. Mimi sina hoteli, na njia tulikuwa nayo. Lakini mwanangu alisema paa ndilo linaloleta watu. Wakikaribia nyumba, kabla hawajaniona mimi wala nazi yangu, walisimama barabarani kulipiga picha. Makuti yakichoka alinunua mapya kwa bakshishi zao. Yaani tuliweza mabati, tukakaa kama wasioyaweza, ili tuzidi kuyaweza. Ukilifikiri sana jambo hilo kichwa kinauma, kwa hivyo sikulifikiri.

Majirani walitutamani, wallahi. Jirani yangu wa ukuta mmoja, yule wa viti vya plastiki, alikuwa akiwavua watoto wake viatu na kuwaleta kwangu wasimame kwenye picha. Aliwahi kuniambia kwa uchungu kwamba jiko lake pia lina moshi, kwani hawa wageni wanabaguaje.

Basi ikaja korona.

Kwanza tuliisikia kwenye redio kama habari ya watu wa mbali. Kisha meli iliyotarajiwa haikutia nanga. Kisha ndege zikakatwa, mahoteli yakafungwa moja baada ya jingine, feri ikachorwa alama za kusimamia watu, pakawekwa mapipa ya maji na sabuni, na mwanangu akarudi nyumbani saa nne za asubuhi na begi lake mgongoni, akaketi kwenye kizingiti. Nikamwuliza wageni wako wapi. Akaniambia wako kwao, wamefungiwa majumbani, hawaruhusiwi hata kutoka kununua mkate. Nilimwonea huruma mzungu siku hiyo. Amefungiwa ndani na maisha yake halisi.

Jirani yangu ndiye aliyebadilika upesi kuliko hali ya hewa. Alisimama upande wake wa ukuta, barakoa mbili usoni, akaniuliza wale wageni wa mwisho walikohoa au hawakukohoa. Akasema yeye tangu zamani alikuwa na wasiwasi na wale watu. Viti vyangu vya plastiki alivirudisha kwa kuvisukuma na ufagio, kimoja kimoja, vikiwa vimemwagiwa dawa ya chooni. Watu walipita mbali na nyumba yetu kwa muda, wakiliangalia lile paa kama ndilo lililoshikwa na ugonjwa.

Ndani, mambo yalikuwa mazuri kwa namna ambayo sikuthubutu kuisema. Nilitoa televisheni chumbani nikaiweka mahali pake. Nilifungua sebule. Nilipika kwa gesi, na macho yangu yakaacha kuchuruzika. Wajukuu shule zimefungwa, wako nyumbani, na viatu wamevaa.

Mwanangu hakupenda. Alisema mama, tusizoee, watarudi mwezi ujao. Mwezi ujao ulipofika akasema ule mwingine. Si mvivu, msimdhanie hivyo. Alibeba mizigo sokoni Kongowea, aliuza barakoa karibu na feri, alikonda mpaka mshipi ukamzunguka mara mbili. Lakini jioni alikuwa akisimama uani akijizoeza Kijerumani chake kisimpotee, na kuku wakimsikiliza. Alinipiga picha za video nikikuna nazi akazituma ng'ambo kwa wale waliomwachia namba. Walijibu kwa mioyo mingi myekundu. Mmoja aliandika kwamba anatamani sana maisha yetu, hayana shida.

Masika ya mwaka ule makuti yalikuwa yameshachoka, na bakshishi za kuyabadilisha hazikuwapo. Tuliyawekea nailoni juu, tukaweka mawe juu ya nailoni. Maji yakapata njia zake.

Hapo ndipo nilipokwenda kununua mabati. Kulikuwa na hoteli ndogo ya ufukweni, huku huku Likoni, mwenyewe ameshindwa, anauza kila kitu: vitanda, mashuka, sahani, mpaka mabango ya kukaribisha watu. Nilifika na mwenye mkokoteni nikaona jambo la kuchekesha. Upande wa mbele, wanapolala wageni, wanaolipa, pameezekwa makuti. Nyuma, wanapolala wapishi na wafagiaji, pameezekwa mabati. Mwenye hoteli aliniona na leso zangu akanionyesha makuti, akasema haya nitakupa rahisi, mama, ni mazuri sana, wageni wanayapenda. Nikamwambia makuti ninayo, nataka yale ya wapishi. Niliyalipa kwa pesa zangu za chama cha akiba cha akina mama, na mwenye mkokoteni akayaleta yakilia njia nzima.

Mwanangu alipoyaona yameegemezwa ukuta wa choo alishika kichwa. Hakunipandishia sauti, hakulelewa hivyo. Alinisihi. Alisema nikiezeka mabati nimemfungia duka. Alisema nyumba za mabati ziko kila mahali mpaka kwao wazungu, ila hii yetu ndiyo ya pekee, na siku watakaporudi atawaonyesha nini? Nikamwambia atawaonyesha mama yake. Akainua macho kwenye makuti, na kwa ile namna alivyoyaangalia nikajua kwamba mama peke yake, bila makuti, hatoshi. Nikamwachia. Mabati yakakaa pale. Kuku wakataga nyuma yake.

Mwisho wa mwaka njia zilikuwa zimefunguliwa, ndege za ng'ambo bado ni za kubahatisha, na serikali ikawa inasema Mkenya atembelee Kenya. Watu wa Nairobi wakateremka kwa garimoshi. Mwanangu akapata familia moja: baba, mama, dada wa mama, na binti wa miaka kama kumi. Akafurahi kama siku za zamani. Alfajiri televisheni ikaingia chumbani, leso juu, gesi nyuma yake, sebule ufunguo, watoto viatu chini. Nami nikaketi juu ya mbuzi.

Walikuja, wakaingizwa kwa ubavuni, wakasimama uani. Mwanangu akaanza kueleza mafiga ni nini. Yule mama wa Nairobi aliyaangalia mafiga, akauangalia moshi, akaniangalia mimi, na uso wake ukaanguka. Akasema jiko hili analijua, ndilo la nyanya yake kijijini, kila Disemba hupelekwa huko akapika kwa moshi mpaka mwaka mpya. Mwaka huu alimbembeleza mumewe miezi mitatu amlete Mombasa apumzike kutokana na jiko hilo. Mumewe akaangalia viatu vyake. Dada mtu akacheka mpaka akashikilia ukuta.

Mwanangu akajaribu nazi. Nikakuna. Baba wa watu akatazama kwa adabu, kisha akaniuliza, shosho, ndivyo wa Nairobi wanavyomwita bibi, kwani hapa Likoni hakuna mashine ya kukuna? Nikasema iko, pale sokoni, si mbali. Mwanangu alinitazama kama nimemsaliti, lakini mtu ameniuliza swali, nimdanganye na nywele zangu nyeupe?

Wakati huo binti alikuwa ameomba choo. Akaelekezwa, akakosea mlango. Tukasikia sauti yake kutoka chumbani, kubwa, ya furaha.

"Mum, kuja uone. Shosho ako na TV kubwa kuliko yetu."

Wakaenda wote. Mle chumbani walikuta televisheni imefunuliwa leso, mtungi wa gesi, feni, rundo la viatu vya watoto vya kutosha kufungua duka, na mkazamwanangu, yaani mke wa huyu mwanangu, ameketi kitandani na mimba yake akila ndizi, amejificha kwa sababu alikuwa amevaa dera jipya. Nilidhani watakasirika. Walicheka mpaka wakatokwa na machozi, na yule mama akaketi kitandani kando ya mkazamwanangu akasema, "Dada, hii ndiyo nyumba niliyokuja kuona."

Basi mambo yakageuka. Sebule ikafunguliwa. Baba mtu akauliza kama kuna mpira, upo, akavua viatu akakaa juu ya kochi na wajukuu wangu pande mbili. Wanawake wakatoa gesi wakaiweka uani, tukapika wali wa nazi kwa ile nazi niliyoikuna, samaki wa kupaka, na mchicha. Wakala, wakalala kidogo kwa upepo wa feni, wakaamka, wakanywa chai. Waliondoka alasiri imekwisha. Yule mama mpaka leo hunipigia simu Idi kunipa mkono, na mimi humpigia Krismasi kumpa pole ya moshi.

Mwanangu alikaa uani peke yake muda mrefu. Nilipotoka kukusanya vyombo akaniambia kwamba haleti tena watu wa aina ile.

"Hawa si watalii, mama," akasema. "Hawa ni watu tu."

Nikamwuliza wale wengine walikuwa nini. Akavipokea vyombo mkononi mwangu akaenda kuviosha.

Masika ya pili yakaja, na mkazamwanangu akajifungua mtoto wa kiume. Nyinyi wa siku hizi mnajifungua Jumatatu, Ijumaa mko sokoni. Sisi mzazi hukaa ndani arobaini. Hatoki, hashiki maji baridi, anakandwa, anakunywa uji wa pilipili manga, na chumba chake kinafukizwa na kukaa na joto. Chumba kilichokuwapo kilikuwa kile kile chao, chumba cha kufichia vitu vizuri. Na juu yake ndipo makuti yalipokuwa yameoza zaidi.

Tulisogeza kitanda kutoka pembe hii hadi ile. Mvua ikakifuata. Tuliweka beseni, ndoo, na sufuria ya pilau. Yule mzazi alilala ubavu mmoja, amemkumbatia mwanawe, mwavuli umefungwa kwenye chandarua. Shuka nilizianika jikoni, zikakauka na harufu ya moshi, zikalowa tena. Siku ya kumi na kitu mtoto akaanza kukohoa.

Mwajua kikohozi wakati ule kilikuwa nini. Jirani yangu alikisikia kupitia ukuta, akafunga dirisha lake, nikasikia komeo. Nilimfunga mtoto kifuani nikampeleka zahanati mwenyewe, mama yake akabaki ndani kwa sababu ya arobaini yake. Muuguzi akamsikiliza kifua, akasema korona hana, lakini amepigwa na baridi na unyevu, na kifua cha mtoto wa siku zile hakina mchezo. Akaniuliza analala wapi. Nikamwambia. Akasema dawa nitakupa, lakini dawa haitashinda paa. Akirudishwa pale pale atarudi hapa, na mara hiyo atalazwa.

Nilirudi na mtoto nimemfunika, mvua imetulia kidogo, mawingu yamekaa pale pale juu ya Likoni yakisubiri. Nikamkuta mwanangu mlangoni, uso unang'aa namna nisiyoiona kwa mwaka mzima na zaidi. Simu imo mkononi. Nikajua kabla hajafungua mdomo.

Wanakuja. Kikundi cha kwanza, watu wanane, wamechanjwa wote, wanashukia uwanja wa ndege wa Moi wiki ijayo. Na wameitaja nyumba yetu. Mmoja aliwahi kufika, amewaambia wenzake kuhusu nyumba ya makuti na mama wa nazi. Wameandika kabisa, wanataka ile yenye makuti.

Nikampita nikaingia chumbani, nikampa mzazi mwanawe, nikamweleza aliyosema muuguzi. Mwanangu alitufuata akasimama katikati ya beseni na ndoo, akasikia yote. Alimwangalia mtoto, na nilimwona anaumia, sisemi hakuumia. Alimpenda mwanawe. Lakini mtu aliyengoja kitu mwaka mzima hukiona hicho tu. Alisema kwa upole kwamba tungoje wiki moja tu. Atatafuta nailoni nzito. Atamhamishia mtoto sebuleni, pembe ile isiyovuja sana. Wageni wakija, wakaona, wakapiga picha zao, kesho yake atayang'oa makuti kwa mikono yake mwenyewe. Kazi imekufa, mama, alisema, na hii ndiyo pumzi yake ya kwanza. Tukiwaonyesha mabati wataandika kwenye mtandao kwamba nyumba haipo tena, na hapo nimekwisha.

Mkazamwanangu hakuwa mtu wa maneno. Katika miaka yote aliyokaa kwangu sikuwahi kumsikia akimjibu mumewe mbele yangu. Alimfuta mtoto pua kwa ncha ya leso, akauliza bila kuinua kichwa:

"Hao wageni wako wakija hukaa muda gani?"

"Nusu saa," mwanangu akasema. "Wakipenda, na robo."

"Basi mimi na mwanao tutalowa wiki nzima, ili wao wafurahi nusu saa na robo."

Mwanangu akafungua mdomo, na tone likatua kwenye ndoo mbele ya miguu yake, halafu jingine. Nje ilikuwa inaanza tena. Mtoto akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu, kama cha mtu mzima aliyechoka.

Nilivua buibui nikalitundika. Nilitoka nikaenda kwenye ukuta wa choo, nikafukuza kuku, nikalivuta bati la kwanza mpaka katikati ya uwanja likanguruma, na wajukuu wote wakatoka kuangalia. Niliwaita wanangu wawili wadogo waliokuwa sebuleni wakaja na nyundo. Mwanangu mkubwa alisimama mlangoni, simu bado imo mkononi. Nikaipokea simu ile nikaitia mfukoni mwa dera langu, nami nikasema mara moja, kama ninavyosema siku zote.

"Nyinyi wawili ondoeni hayo makuti, mwanzo ya chumbani, kisha yote, hata yale mazima. Watoto, mhamisheni mama yenu na mtoto sebuleni, na mlango wa sebule usifungwe tena na mtu. Na wewe baba wa mtoto, panda juu. Usinishukie mpaka bati la mwisho limekwisha kugongwa misumari."